Elimu kwa umma: Mizaha ya bonanza la kazini na haki ya mfanyakazi kukataa

Kila unapokaribia mwisho wa mwaka, taasisi na kampuni nyingi hupeleka wafanyakazi ufukweni au viwanjani kwa michezo ya kujenga umoja. Sheria haina ugomvi na kuvuta kamba, kukimbia na magunia wala kufukuza kuku. Malalamiko huanza pale waliokosa lengo la mauzo wanaporushwa kichura mbele ya wenzao, dada wa mapokezi anapolazimishwa kubebwa mgongoni na bosi wake, au mtu anapomwagiwa unga na matope huku video yake ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla hajafika nyumbani.

Sisi tunaoshughulikia usuluhishi wa migogoro ya kazi hupokea hoja mbili ambazo zote zina kasoro. Mwajiri husema ulikuwa mchezo tu. Mfanyakazi husema alidhalilishwa, akatupa kitambulisho mezani siku ileile, na sasa anataka fidia kama ile aliyosikia ililipwa Marekani. Makala haya hayaamui shauri la mtu yeyote, maana kila shauri lina ushahidi wake. Lakini yapo mambo yanayopaswa kueleweka kabla ya kufika kwetu.

Nianze na hiyo habari ya Marekani, kwa kuwa husimuliwa nusu. Mwaka 2006, baraza la wazee wa mahakama mjini Fresno, California, lilimpa mfanyakazi wa kampuni ya kuuza vifaa vya kengele za usalama fidia ya dola milioni 1.7. Katika mashindano ya timu za mauzo, walioshindwa walichapwa makalioni kwa mabango ya kampuni shindani, wakarushiwa keki usoni na kuvishwa nepi. Kampuni ilijitetea kwamba ilikuwa kujenga ushirikiano, na kwamba wanaume na wanawake walichapwa sawa. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ilitengua tuzo hiyo, kwa sababu wazee wa baraza hawakuelekezwa ipasavyo kwamba lazima ithibitike alinyanyaswa kwa sababu ya jinsia yake. Sehemu hii ya pili haisimuliwi, na ndiyo yenye somo kwetu.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu unyanyasaji kuwa aina ya ubaguzi pale unapotokana na misingi iliyotajwa, kama vile jinsia, ujauzito, ulemavu, dini, kabila au umri. Ukithibitika mahakamani kuwa kosa la jinai, faini yake haizidi shilingi milioni 5. Faini hiyo huenda serikalini. Tunalazimika kulirudia hili mara nyingi kuliko inavyopasa: faini si fidia ya mlalamikaji.

Je, kama wote waliaibishwa sawasawa? Hapo hoja ya ubaguzi hudhoofika, lakini mlango haujafungwa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Vilevile sheria ya kazi inatamka kwamba kukataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana uwezo kisheria wa kulidai si sababu halali ya kuachishwa kazi. Kwa hiyo anayesema kwa adabu, "Mimi mchezo huu sitashiriki," hajavunja nidhamu. Waajiri wanaotoa barua za onyo kwa jambo kama hili wanajitengenezea shauri wenyewe.

Sheria pia inatambua kuwa mfanyakazi aliyejiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike anaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa. Ila kanuni za mwaka 2007 zinataka awe ametumia kwanza njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa ana sababu ya msingi ya kutofanya hivyo. Kwa hiyo usiache kazi kwa hasira. Andika malalamiko, yawe na tarehe, utaje kilichofanyika na waliokuwepo, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kulalamika kwa mdomo kwenye gari la kurudi mjini hakutakusaidia mbele ya mwamuzi.

Mgogoro wa kuachishwa kazi huwasilishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30, na mingine ndani ya siku 60. Siku za wikiendi zinahesabiwa. Fomu ni CMA F1, na anayelalamikia kuachishwa hujaza pia sehemu B. Huwasilishwa katika ofisi ya eneo mgogoro ulipotokea. Kabla ya hapo mwajiri apelekewe nakala, na uthibitisho wa kuipokea uje nao. Aliyechelewa hujaza CMA F2 akieleza sababu za kila siku aliyochelewa. "Sikujua sheria" haitoshi. Usuluhishi una siku 30, na yanayosemwa humo ni siri. Mlalamikaji asipotokea, shauri linaweza kufutwa. Asipotokea mwajiri, linaweza kuamuliwa bila yeye.

Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hawezi kudai kuachishwa isivyo halali, lakini bado anaweza kulalamikia ubaguzi. Mtumishi wa umma sharti amalize kwanza ngazi za rufaa za utumishi wa umma.

Suala la siku lenyewe nalo halizungumzwi vya kutosha. Bonanza la Jumapili ambalo jina linaorodheshwa na asiyekuja anaandikiwa barua ya kujieleza ni vigumu sana kuliita burudani. Kufanya kazi siku ya mapumziko ya wiki kunahitaji makubaliano, na malipo yake ni mara mbili ya mshahara wa msingi wa saa. Anayeumia aripoti mara moja kwa mwajiri, naye mwajiri ana siku 7 za kutoa taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kumpeleka majeruhi zahanati na kumpa nauli hakuondoi wajibu huo.

Video nazo ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukurasa wa kampuni usirushe sura ya mfanyakazi aliyepakwa matope bila ridhaa yake.

Kwa maofisa rasilimali watu wanaopanga mabonanza sasa: orodhesheni michezo kwenye tangazo la mwaliko, andikeni kwamba kushiriki ni hiari, na mtajeni mtu wa kupokea malalamiko ambaye si mwendesha michezo wala msimamizi wa kitengo kinachoshindana.