Kabla hujamwona mtaalamu wa naturopathia

Naturopathia ni ile ile tiba asili ya wazee wetu?

Hapana, ingawa zote zinatumia mimea. Naturopathia chimbuko lake ni Ulaya. Katika karne ya 19, padri Sebastian Kneipp wa Bad Wörishofen, Ujerumani, alikuwa akiwatibu watu kwa maji baridi, mitishamba, chakula na mazoezi. Benedict Lust, aliyejifunza kwake, akaieneza Marekani kwa jina la naturopathia. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 inataja tiba asili na tiba mbadala; naturopathia ni tiba mbadala.

Nikienda nitafanyiwa nini?

Utaulizwa maswali, tena mengi. Unakula nini usiku? Unalala saa ngapi? Choo kikoje? Kazini kuna amani? Siku ya kwanza inaweza kuchukua saa nzima, na aliyewahi kukaa foleni tangu alfajiri akaonwa dakika tano anaelewa kwa nini watu huipenda. Kisha huanzia kwenye chakula, usingizi na mazoezi, ndipo zifuate dawa za mimea. Ushauri huo wa mwanzo hata daktari wa hospitali atakupa, akipata nafasi. Wengine huongeza homiopathia, yaani dawa zilizozimuliwa mno kwa maji, ambayo utafiti haujaonyesha kuwa inaushinda uponyaji wa kidonge kisicho na dawa. Hapo mimi ningebaki na hela yangu.

Wamesomea?

Inategemea nchi. Baadhi ya majimbo ya Marekani na Kanada hutoa leseni kwa waliosoma miaka minne baada ya shahada ya kwanza. Kwingine mtu anaweza kutundika tu kibao. Omba kuona cheti cha usajili, usione haya.

Nameza dawa za presha. Nikiongeza za mimea kuna ubaya?

Unaweza kuwepo, na hapa ndipo watu wengi huumia kimya kimya. Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kiwe kipole. Balungi, tunda la kawaida kabisa, huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa za presha kama felodipini. Dawa ikarundikana mwilini, presha ikashuka kupita kiasi. Urukususu, ule mzizi mtamu, hufanya kinyume: ukitumiwa sana hupandisha presha na kupunguza potasiamu. Vidonge vya kitunguu saumu pamoja na warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, huongeza hatari ya kutokwa damu. Haiperikamu, mmea wa Ulaya unaouzwa kwa ajili ya sonona, hupunguza nguvu ya baadhi ya ARV na vidonge vya uzazi wa mpango. Kwa hiyo usimfiche daktari unachokunywa nyumbani, wala usimfiche mtaalamu wa mimea ulichoandikiwa hospitali. Beba vichupa vyote.

Akiniambia niache insulini?

Ondoka. Mwenye kisukari aina ya kwanza akikosa insulini anaweza kufariki ndani ya siku chache. Mtaalamu mzuri, akisikia kifua kinabana au kikohozi kina damu, yeye mwenyewe ndiye atakayekuambia uende hospitali leo hii.