Klabu inapomwita mchezaji wa chuo

Mwalimu mmoja wa mpira wa chuo hapa Unguja aliniuliza, wala hakuficha kero yake, kazi yangu hasa ni ipi. Yeye anafundisha, daktari anatibu, mlezi wa wanafunzi anashughulika na dakhalia, yaani mabweni, na nidhamu. Mimi naonekana nimekaa jukwaani na wachezaji, nawauliza wanasoma nini, mhadhiri wao nani, wamebakisha masomo mangapi. "Unawachosha vijana," akasema. Jawabu yake ni ndefu kidogo, kwa hivyo naiandika hapa.

Mimi ni mshauri wa wanafunzi wanaochezea timu za chuo: mpira wa miguu, netiboli, kikapu na riadha. Simfundishi mtu kupiga pasi. Nashughulika na yale yanayompata mchezaji ambayo refa hayapigii filimbi: sapu (mtihani wa kurudia somo), mkataba asiouelewa, goti, baba anayetaka aache, kazi atakayoifanya akimaliza. Na msimamo wangu katika kazi hii ni mmoja. Msaada usioingia ndani ya ratiba ya mazoezi haumfikii mchezaji. Uweke ofisini, Jumamosi, kwa tangazo la kubandikwa ukutani, na watakuja wale ambao hawakuwa na haja nao.

Marekani jambo hili limekuwa taaluma kamili. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko tangu 1906, kina kanuni inayomkataza mwalimu kumchukua mwanafunzi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa msimu. Tangu miaka ya 1990 vyuo vyao vina watu walioajiriwa kuwafundisha wachezaji stadi za maisha, kupanga masomo na kutafuta kazi. Sababu yake ni hesabu: NCAA yenyewe inasema wachezaji wa vyuo wanaofika kucheza kwa kulipwa hawafiki asilimia 2. Siku hizi fedha zimeingia hata kabla ya hapo. Tangu 2021 mwanafunzi anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake, na mwaka 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja.

Programu ile ukiichukua kama ilivyo ukaishusha kwenye vyuo vyetu vya Tunguu, hapa Unguja, haitafanya kazi. Wao wana mwanafunzi aliyeletwa chuoni na mpira, anayesomeshwa na mpira. Sisi tuna mwanafunzi anayelipiwa ada na wazee wake au anayesoma kwa mkopo, ambaye jioni anaichezea timu ya chuo kwa mapenzi tu. Chuo hakimdai kitu uwanjani na yeye hakidai kitu chuo. Halafu kuna jambo ambalo kwenye programu yao halimo, nalo ni vikosi vya serikali vyenye timu zao za mpira.

Tizama Ligi Kuu ya Zanzibar: KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo, Zimamoto. Zote ni timu za vikosi. Kijana anayepigiwa simu na timu ya namna hiyo hafikirii mabao peke yake, anafikiria sare, mshahara wa kila mwezi na kiinua mgongo. Simu hiyo ikija yuko mwaka wa pili, ana ajira iliyomkaribia upande mmoja, na upande wa pili shahada ambayo kaka yake anayo na bado yuko maskani bila kazi. Wanaomwita mpumbavu kwa kusita hawajawahi kukaa kwenye baraza ya kwao.

Kijana kama huyo simwambii kuwa elimu ni ufunguo wa maisha. Ameshaambiwa sana, na kaka yake anamuona kila siku. Ninalofanya ni kukaa naye na kalamu. Kwanza, kinachotolewa ni kitu gani? Mkataba wa kuichezea klabu una tarehe ya kumalizika. Ajira ina barua ya ajira. Hivi ni vitu viwili, na vijana wengi wanaokuja kwangu wamevichanganya, kwa sababu aliyewapigia simu amevichanganya pia, pengine kwa makusudi. "Njoo ucheze, mambo mengine yatakuja" ni maneno ya simu, hayana mahali pa kutia saini. Pili, mazoezi ni saa ngapi? Timu inayofanya mazoezi asubuhi inagongana na mihadhara, ya jioni pengine haigongani. Swali hili ni dogo, lakini mara nyingi linakuwa halijaulizwa na mtu yeyote, si mchezaji, si baba yake, si mjomba anayejifanya wakala. Tatu, ukishaingia, ruhusa ya kusoma inaombwa kwa nani, na inaombwa baada ya muda gani? Na nne, ukiumia mwezi wa kwanza, nani anakutibu?

Mara nyingine majibu yakishapatikana namshauri aende. Mwalimu yule hakulipenda hili, na hata baadhi ya wahadhiri hulalamika kwamba nawasaidia wanafunzi kuacha chuo. Tatizo langu liko kwenye namna wanavyoondoka. Kila chuo kina kanuni zake za kuahirisha masomo, lakini zote zinakutana hapa: ruhusa inaombwa kwa maandishi, kabla hujaondoka, na inajibiwa kwa maandishi. Aliyeahirisha ana mlango wa kurudia. Aliyetoweka katikati ya muhula anahesabiwa ameacha mitihani, na akirudi baada ya miaka miwili, goti bovu na mkataba umekwisha, anakuta jina lake limefutwa na alama zake hazimfai. Kama alikuwa na mkopo, deni halikutoweka pamoja naye. Barua ya ukurasa mmoja ingeyazuia yote haya. Barua hiyo naiandika pamoja na mchezaji, hapo hapo, na haondoki mpaka nakala yake imegongwa muhuri.

Wazee nao wana jawabu yao tayari: mshika mawili moja humponyoka. Kwa mtoto wa kike wanaisema kwa sauti kubwa zaidi. Nikikaa nao huwa nawatajia Suleiman Nyambui, aliyesoma chuo kikuu kule El Paso, Texas, akatwaa mataji ya vyuo vya Marekani akiwa mwanafunzi, na katika Olimpiki ya Moscow 1980 akapata medali ya fedha ya mita 5,000, kisha akawa mwalimu wa riadha. Namtaja na Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, na baada ya mbio akaanzisha skuli zake Kibaha. Ni mifano ya Bara na ya zamani, najua. Lakini wazazi wa umri ule wanayakumbuka majina hayo redioni, na mazungumzo yanalainika.

Kwa mchezaji mwenyewe kizuizi ni kingine. Mwaka 1993 wanasaikolojia Brewer, Van Raalte na Linder walitoa kipimo cha maswali kinachoangalia ni kwa kiasi gani mtu anajitambua kama mwanamichezo, na kama amejibakishia kitu kingine chochote. Yule ambaye nafsi yake yote iko kwenye mchezo hufanya mazoezi kwa bidii na hapo walimu humpenda, lakini akiumia au akiachwa kwenye kikosi ndiye anayeanguka vibaya. Hapa kwetu huhitaji kipimo, sikiliza tu anavyoitwa. Nadir Haroub visiwa vyote vinamjua kwa Cannavaro, na yeye jina lilimkaa vizuri kwa sababu alicheza muda mrefu na akaibeba timu ya taifa. Mtaani kuna vijana chungu nzima waliopewa majina ya wachezaji wa Ulaya wakiwa na miaka kumi na mbili, na leo hata mama zao wanawaita hivyo. Ukimwambia mmoja wao ajieleze bila kutaja mpira, ananyamaza. Zoezi hilo huwa nalifanya mwanzo wa mwaka, kwa maandishi, na kinachonishughulisha ni karatasi zilizorudi tupu.

Kisha goti. Mchezaji aliyekatika kano ya mbele ya goti akafanyiwa upasuaji anahitaji miezi 9 au zaidi kabla ya kurudi kwenye mechi. Huo ni karibu mwaka mzima wa masomo. Nilivyoona, hatari iko kwenye wiki za mwanzo zaidi kuliko miezi ya mwisho: anajitoa kwenye kundi la WhatsApp la timu, anapanda boti kurudi kwao Pemba "kupumzika", na mihadhara inakwenda bila yeye. Masomo hayakuumia, ila alikuwa akiyahudhuria kwa sababu timu ilikuwa ikimleta mjini. Kwa hivyo majeruhi namuomba mwalimu asimruhusu kuondoka uwanjani. Apewe fulana ya mazoezi kama wenzake, apewe kazi ya kuandika takwimu za mechi, kupiga picha za video, kusimamia muda. Na kozi ya urefa ikitangazwa, jina lake liwe la mwanzo. Mchezaji akiuona mchezo kwa macho ya refa hugundua ana akili kuliko alivyodhani, na posho ya refa, ndogo ilivyo, hupatikana bila kunywa dawa za maumivu.

Wasichana wako tofauti. FIFA iliruhusu rasmi hijabu uwanjani mwaka 2014, na FIBA kwenye kikapu mwaka 2017, kwa hivyo kisingizio kimoja kiliondoka. Kilichobaki ni saa ya kurudi dakhalia na gari la kuwarejesha. Lakini mchezaji wa netiboli hapa hajidanganyi kwamba atakuja kulipwa. Anakuja kucheza akiwa ameshajua anasomea nini, na mara nyingi ndiye anayeniuliza mimi kuhusu fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, si mimi ninayemuuliza yeye. Programu nyingi za kusaidia wachezaji zinaandikwa kwa kuwafikiria wavulana wa mpira wa miguu, na zingefaa zaidi kama zingeanza kwa kuwasikiliza wasichana hawa.

Kuhusu ratiba nitasema kwa ufupi. Barua ya kumuombea mchezaji ruhusa iende kwa mhadhiri kabla ya safari, na iwe na tarehe ya kufidia jaribio. Ikienda baada ya safari inasomeka kama udhuru, na mhadhiri ana haki ya kuikataa. Kalenda ya timu iwekwe juu ya kalenda ya mitihani mwanzoni mwa muhula, tena pamoja na mwezi wa Ramadhani, ambao unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Wanaopanga michezo ya Januari, msimu wa Kombe la Mapinduzi, waanze kufikiri sasa: ifikapo 2029 mwezi utaandama katikati ya Januari. Nimelisema hili kwenye vikao na watu wakacheka. Haya.

Sasa ile ratiba ya mazoezi. Ninachomuomba mwalimu ni dakika 20, Jumatano, kabla ya kupasha misuli moto. Kabla, kwa sababu baada ya mazoezi kuna maghribi, kuna njaa na kuna daladala ya mwisho, hakuna anayesikiliza. Wiki moja tunasoma mkataba wa mfano, kifungu kwa kifungu. Wiki nyingine kila mtu anaonesha alama zake za kazi za muhula na anayekaribia sapu anapangiwa mwenzake wa kumsomesha. Wiki nyingine tunaandika wasifu wa kazi. Sharti langu ni kwamba mwalimu mwenyewe awepo. Akiondoka kwenda kupanga koni, wachezaji wanajua papo hapo kuwa hili si jambo la maana.

Wasifu wa kazi ndio unaonifurahisha zaidi. Vijana wote huandika "nina nidhamu na najituma". Meneja wa hoteli ya Nungwi ameusoma mstari huo asubuhi hiyo hiyo kwa waombaji wote. Nahodha aliyepanga safari ya timu kwenda uwanja wa Gombani, Pemba, akakata tiketi za boti, akagawa vyumba, akaweka hesabu za chakula na kurudisha risiti, aandike hayo hayo, na idadi ya watu na kiasi cha fedha alichokisimamia. Golikipa aliyewafundisha watoto wa mtaa kila Jumapili aandike umri wao na muda aliokaa nao, maana pwani kuna hoteli zinazotafuta watu wa kusimamia michezo ya wageni na watoto wao. Mchezaji huwa ana kazi nyingi alizozifanya bila kuzihesabu kuwa kazi, kwa sababu hakuna aliyemlipa.

Kinachokosekana vyuoni kwetu, na ambacho hakihitaji bajeti, ni orodha ya waliotangulia. Wachezaji wa zamani wa timu zetu wako benki, bandarini, wizarani, hospitali na kwenye vikosi, na wengi wangekuja Jumatano moja wakiitwa. Hawaitwi kwa sababu chuo hakina namba zao. Daftari moja linatosha: jina, mwaka aliomaliza, alichosomea, anapofanya kazi, simu. Lianze na wanaomaliza muhula huu, maana hao bado wanapokea simu zetu.