Tartani: kitambaa kinachosomeka kwa hesabu ya nyuzi

Kwetu nguo yoyote yenye miraba ni nguo ya drafti, basi. Sketi ya mwanafunzi ni drafti, shati la mzee ni drafti, na shuka la Kimasai lenye miraba nalo ni drafti. Tartani, kitambaa cha sufu ambacho Waskoti hushonea kilti, yaani sketi zao za kiume, ni drafti pia, ila si kila drafti ni tartani. Tartani ina hesabu yake.

Tuanzie kwa mfumaji. Kwanza hutandaza nyuzi za urefu kwenye mtambo wake. Hizo ndizo mtande. Kisha hupitisha uzi wa upana, yaani mshindio, ukipenya kati ya nyuzi za mtande. Kwenye tartani ya kawaida, mpangilio wa rangi uliotumika kwenye mtande hurudiwa vilevile kwenye mshindio. Mistari ya urefu inakutana na mistari ya upana yenye rangi zilezile na unene uleule, na hapo miraba inajitokeza yenyewe.

Mpangilio huo Waskoti huuita seti, nao huandikwa kama fomula. Chukua tartani ya ukoo wa Wallace: K/4 R32 K32 Y/4. R ni nyekundu na Y ni njano, kufuata majina ya Kiingereza ya rangi hizo. Nyeusi imepewa K kwa sababu B imeshachukuliwa na bluu. Kwa hiyo mfumaji anahesabu nyuzi 4 nyeusi, 32 nyekundu, 32 nyeusi, kisha 4 za njano. Alama ya mkwaju (/) inamwambia kwamba hapo ndipo pa kugeukia: akifika kwenye njano anarudi kinyumenyume, nyeusi 32, nyekundu 32, mpaka kwenye zile 4 nyeusi, kisha anaanza safari upya. Mzunguko mzima una nyuzi 136. Mtu aliyeko Glasgow na mwingine aliyeko Toronto wakipewa mstari huo mmoja wa maandishi, watafuma muundo uleule bila kuoneshana hata picha. Mimi hili ndilo linalonivutia kuliko yote.

Sasa tazama rangi. Kwenye kitambaa cha Wallace kuna nyuzi za rangi tatu tu, lakini jicho linaona sita. Nyekundu inapokatiza nyekundu, tunapata nyekundu kamili. Inapokatiza nyeusi, tunapata rangi ya kati, nusu kwa nusu, iliyofifia kama damu ya mzee. Hakuna aliyechanganya rangi hiyo kwenye ndoo. Ni nyuzi mbili zimelala jirani na jicho ndilo linalozichanganya. Rangi mbili huzaa tatu, nne huzaa kumi, sita huzaa ishirini na moja. Ndiyo sababu tartani yenye rangi nyingi mno huonekana imevurugika ukiitazama kwa mbali.

Ukisogeza kitambaa karibu na jicho utaona pia vijistari vya mshazari kwenye zile sehemu za mchanganyiko. Vinatokana na namna ya kufuma: uzi wa mshindio hupita juu ya nyuzi mbili za mtande, kisha chini ya mbili, na kila mstari unaofuata husogea uzi mmoja pembeni. Jinzi nayo hufumwa kwa mshazari, ingawa hesabu yake ni nyingine.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba fomula haisemi nyekundu ipi. Seti moja inaweza kufumwa kwa rangi nzito zinazoitwa za kisasa, au kwa rangi nyepesi zinazoitwa za kale, zinazoiga rangi za mimea, au kwa rangi zilizochujuka kama kitambaa kilichofukuliwa ardhini. Zote tatu ni tartani ileile, kwa kuwa uwiano wa nyuzi haukubadilika.

Na koo je? Kila ukoo kuwa na tartani yake ni desturi changa kuliko inavyodhaniwa. Baada ya vita vya Culloden, ambako waasi wa Uskoti walishindwa na jeshi la serikali ya Uingereza, sheria ya 1746 iliwapiga marufuku wanaume na wavulana wa Nyanda za Juu za Uskoti kuvaa mavazi yao ya asili, isipokuwa wanajeshi, na haikufutwa mpaka 1782. Waliouza tartani kwa wingi baadaye walikuwa wafumaji wa kampuni ya Wilson kule Bannockburn. Katika vitabu vyao seti nyingine zilikuwa na namba tu, na nyingine ziliitwa kwa majina ya miji kama Perth na Aberdeen. Mfalme George IV wa Uingereza alipozuru Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, mwaka 1822, kila mkuu wa ukoo alitaka kuonekana na tartani yake, na majina ya koo yakashika kasi. Leo kuna daftari rasmi la serikali ya Uskoti, lililofunguliwa 2009, na mtu yeyote, hata asiye na ukoo huko, anaweza kusajili seti yake mpya.

Mwaka 2023 kipande cha kitambaa kilichokuwa kimefukuliwa kwenye kinamasi cha Glen Affric kilitangazwa kuwa ndiyo tartani halisi ya zamani zaidi inayojulikana Uskoti, ya karne ya 16 kwa makadirio. Kijani na kahawia bado vinaonekana, na miraba yake pia. Jina la ukoo hakina.