Kisu hakisambazi saratani ya ngozi

"Usikubali ukatwe, kikiguswa na chuma kitasambaa." Maneno haya husikika Mombasa, Kongowea hadi Likoni, mtu akiambiwa doa jeusi la wayoni likatwe likapimwe. Si kweli.

Kinachoisambaza melanoma, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli za rangi, kimo ndani ya seli zenyewe. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi hushikamana na jirani zake kwa protini iitwayo kadherini E: ncha zake hutokeza nje ya seli na, kukiwa na kalsiamu, hunasana na ncha za seli ya pili. Mara nyingi seli za saratani huipunguza kadherini E na kuongeza nduguye, kadherini N. Hapo huachana na majirani wa tabaka la juu, zikashikana na seli za tabaka la chini na za kuta za mishipa ya damu. Yote haya wembe haujafika.

Mbona basi wengine huzidiwa baada ya kukatwa? Aghalabu walichelewa, seli zilikwisha toka. Daktari huondoa doa zima na milimita 1 hadi 3 za ngozi kulizunguka, kisha unene wa saratani hupimwa. Ukiwa chini ya milimita 1, hukatwa tena sentimita 1 pembeni. Ukizidi milimita 2, sentimita 2. Kulichoma doa kwa dawa huharibu kipimo hicho, na hilo ndilo la kuogopwa.

Kwa watu weusi, melanoma hupenda wayo, kiganja na chini ya kucha. Hina na piko huificha vizuri mno. Kagua kabla ya kupaka.