Kwa nini bahari ya Benidorm haipwi?

Benidorm, mji wa mapumziko kwenye pwani ya mashariki ya Hispania, kando ya bahari ya Mediterania, ulikuwa wa wavuvi mpaka miaka ya 1950. Leo umejaa maghorofa, na fukwe zake mbili kubwa, Levante na Poniente, hujaa familia: bibi kajilaza chini ya mwavuli, watoto wanachimba mchanga na ndoo zao za plastiki, baba anatafuta pa kununua aiskrimu. Mtu aliyekulia Paje au Kizimkazi akifika hapo, kitakachomshangaza si maghorofa. Ni vile vitanda vya kukodi vilivyopangwa safu kwa safu hatua chache tu kutoka kwenye maji, na hakuna anayehangaika kuvisogeza. Saa tatu asubuhi maji yapo pale. Saa tisa alasiri yapo pale pale.

Kwa Zanzibar hilo lisingewezekana. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika kama mita nne. Mahali ulipoogelea asubuhi, mchana watu wanapita kwa miguu kwenda kwenye mashamba ya mwani au kutafuta pweza. Benidorm tofauti hiyo ni ya sentimita chache, na mtalii hata haioni. Mwezi ni uleule. Kumetokea nini?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba mwezi hauvuti bahari ndogo. Si kweli. Mwezi huvuta kila kitu, iwe Bahari ya Hindi, Ziwa Tanganyika au chai iliyo mbele yako. Haubagui.

Kosa lenyewe linatokana na ule mchoro wa darasani: mwezi uko juu, na bahari iliyo chini yake imevimba kama inayonyonywa kwa mrija. Mchoro huo unamfanya mtu adhani kwamba maji ya kujaa hunyanyuliwa. Hayanyanyuliwi. Nguvu ya mwezi inayosababisha maji kujaa na kupwa ni takriban sehemu moja kwa milioni kumi ya nguvu ya dunia inayoyashikilia maji hayo chini. Kwa nguvu hiyo huwezi kuinua hata tone. Unachoweza ni kuyasogeza kwa upande, kwa sababu upande hakuna uzito wa kupambana nao. Kila kipande cha bahari kinasogezwa kidogo sana kuelekea upande mmoja, na bahari ikiwa na upana wa maelfu ya kilomita, hivyo vidogo vinajumlishwa mpaka maji yanarundikana. Kwa hiyo kinachohesabika ni nafasi ya kukimbilia. Bahari ya Hindi inayo. Mediterania, yenye eneo la kilomita za mraba milioni 2.5 hivi, inaonekana kubwa kwenye ramani, lakini kwa kazi hii ni finyu, tena imebanwa katikati na maji ya kina kifupi kati ya Sicily na Tunisia.

Wengine husema tatizo ni mlango bahari wa Gibraltar, kwamba ni mwembamba mno kuruhusu maji ya Atlantiki kuingia. Hapa kuna nusu ya ukweli. Mlango huo, wenye upana wa kilomita 14 hivi mahali penye ufinyu zaidi, haujafungwa hata kidogo: karibu mita za ujazo milioni moja za maji huingia kila sekunde, juu juu, huku maji yenye chumvi nyingi zaidi yakitoka kwa chini. Ni mto usio na mfano duniani. Lakini maji ya kujaa yana muda wa saa sita tu. Piga hesabu: maji yote yanayoingia kwa saa sita, ukiyatandaza juu ya Mediterania nzima, hayafikishi unene wa sentimita moja. Kasi ikizidi mara tatu au nne, kama inavyotokea mikondo inapokuwa mikali, bado unapata sentimita tatu hivi. Kwa hiyo huko nje, Cádiz, bandari ya Hispania iliyo upande wa Atlantiki, bamvua hupita mita tatu, na ukishaingia ndani linazidi kufifia.

Sasa, bahari kubwa zinapataje mita nne, ikiwa nguvu ya mwezi ni hafifu hivyo? Chukua beseni pana la kufulia, lijaze maji nusu, ulisukume taratibu mbele na nyuma. Maji yanakwenda ukingo wa pili na kurudi kwa muda wake mwenyewe, na muda huo unategemea upana wa beseni na kina cha maji. Mkono wako hauuamui. Ukisukuma ovyo, yanatikisika tu. Ukisukuma kila yanaporudi, kila msukumo unaongezea ule wa kwanza, na baada ya misukumo michache umelowa magoti. Nguvu ya mkono haijaongezeka. Umepatia tu wakati. Jaribu hivyo hivyo kwa kikombe: maji yameshakwenda na kurudi mara kadhaa kabla hujamaliza msukumo mmoja, hivyo yanatulia tu na kukufuata. Mwezi husukuma kila baada ya saa 12 na dakika 25. Sehemu kadhaa za bahari kuu zina upana unaokaribiana na mwendo huo. Sehemu kubwa ya Mediterania ni kikombe.

Nasema sehemu kubwa, kwa sababu ndani ya bahari hiyohiyo kuna mabeseni. Adriatiki, mkono wa Mediterania ulio mashariki mwa Italia, mrefu na wenye kina kifupi upande wa kaskazini, ina mitikisiko yake ya asili ya takriban saa 21 na saa 11, jirani na mapigo ya mwezi na jua, ambayo huja takriban mara moja na mara mbili kwa siku, na ndiyo maana Venice hupata karibu mita moja ya kupanda na kushuka. Ghuba ya Gabès, kusini mwa Tunisia, huzidi hapo: bamvua lake hufika karibu mita mbili. Kwenye visiwa vya Kerkennah wavuvi hupanga makuti ya mtende baharini yawe uzio, samaki wakirudi na maji yanayokupwa waongozwe hadi mtegoni. Mvuvi wa wando wa pwani yetu angeuelewa mtego huo bila mkalimani. UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2020.

Benidorm nako maji si kwamba hayasogei kabisa, ila bwana wao ni hewa. Mgandamizo wa hewa ukipanda kwa milibari moja, bahari hushuka kwa takriban sentimita moja. Mgandamizo mkubwa ukikaa siku kadhaa wakati wa baridi, ufuo hupanuka kuliko ambavyo mwezi ungeweza kuupanua, na Wakatalani walio kaskazini zaidi wana jina la hali hiyo ya Januari: minves. Mzaha huo wa hewa una upande mbaya. Tarehe 15 Juni 2006, bandari ya Ciutadella kisiwani Menorca ilikauka ghafla kwa mabadiliko ya mgandamizo, maji yakarudi kwa kishindo, na boti nyingi ziliharibika. Kwa familia zilizo ufukweni, hatari ya kila siku ni ya kawaida zaidi: mawimbi na upepo. Bendera nyekundu ikipandishwa, usijidanganye kwamba bahari isiyopwa haina mikondo.

Utulivu huo ulikuwa na faida moja kwa wapima ardhi. Katika miaka ya 1870 Wahispania walihitaji usawa wa bahari wa kuanzia kupima urefu wa nchi yao, wakauchukua Alicante, kilomita 40 hivi kutoka Benidorm, ambako maji hayawasumbui kwa kupanda na kushuka. Alama iko kwenye kidato cha kwanza cha ngazi za jumba la halmashauri ya mji, mita 3.4 juu ya bahari, na urefu wa kila mlima wa Hispania bara huhesabiwa kwa kufuata usawa huo.