Ovaholi ya injini ya trekta: neno moja, kazi tatu

Ami yangu ana shamba Hindi, bara ya Lamu, na trekta ya Massey Ferguson 135 ambayo wekundu wake umebaki pembeni pembeni tu. Mwaka juzi ilianza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Akaita fundi, wakaelewana wafanye ovaholi, pesa zikatoka, trekta ikanguruma kama zamani. Msimu haujaisha, sindano ya presha ya oili ikawa inalala kila injini ikipata moto, na chini kabisa kukawa kunagonga.

"Fundi, si tulisema ovaholi?"

"Na ovaholi nimeifanya, mzee wangu. Ringi mpya, gasketi mpya, valvu nimesaga. Krenki hatukuitaja."

Ringi ni zile pete za pistoni; krenki ni mhimili wa chini kabisa ambao pistoni huuzungusha. Mimi niliyekuwa nimesimama hapo na spana mkononi naweza kuapa kwamba hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alilishika neno kwa upande wake.

Ovaholi ni kuifungua injini iliyochakaa, kukipima kila chuma kinachosuguana na chuma kingine, na kuirudisha nafasi iliyo kati yao pale kiwanda kilipoiacha. Roho ya neno ni hiyo nafasi. Vipuri vipya ni njia ya kuipata, na mara nyingine hata havihitajiki. Fundi anayekwambia orodha ya vipuri kabla hajapima chochote hajaanza ovaholi, ameanza kwenda dukani.

Kwetu Lamu jambo hili lisingehitaji maelezo marefu kama injini ingekuwa ya mbao. Ukisikia jahazi limepandishwa pwani Matondoni, husemi "linatengenezwa" ukanyamaza. Utauliza: ni kalafati tu, pamba na mafuta kwenye maungio ya mbao? Au kuna ubao unang'olewa? Au mataruma yenyewe, mbavu za chombo, yameoza? Kazi hizi zina siku tofauti, mafundi tofauti na bei tofauti, na hakuna nahodha anayezichanganya. Kwenye gereji zote zimetiwa gunia moja likaitwa ovaholi.

Tuanze na kwa nini nafasi ndogo ina neno kubwa hivyo. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwashia. Pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, huibana hewa mpaka ichukue nafasi ndogo sana, katika injini nyingi za aina hii kama sehemu moja ya 16 hadi 18 ya ilivyokuwa, na kwa kubanwa huko hewa hupata moto wa zaidi ya nyuzi 500. Hapo ndipo nozeli inapopuliza dizeli, nayo ikawaka yenyewe. Rudolf Diesel aliliandikisha wazo hilo kuwa haki yake Ujerumani miaka ya mwanzo ya 1890, na injini yake iliyofanya kazi sawasawa ilionekana Augsburg mwaka 1897. Tangu siku hiyo sharti halijabadilika: hewa ikipata upenyo wa kutoroka, joto halifiki, na moto hauwaki.

Upenyo huo hupimwa kwa thau. Mtaani thau ni shilingi elfu moja. Gereji ni sehemu moja ya elfu ya inchi, na vijana wanaoanza kazi huchanganyikiwa wakisikia krenki "imekula thau nane". Unywele wa kichwani una unene wa thau mbili hadi nne hivi. Basi beringi ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, huelea juu ya oili katika nafasi isiyozidi unywele mmoja. Nafasi ikiwa mara mbili ya hapo, oili inamwagika pembeni kabla haijafika mbele, presha inashuka, na chuma kinagusa chuma. Ndiyo sindano ya ami ilivyokuwa inalala.

Injini ya trekta ile ni Perkins ya silinda tatu, kampuni iliyoanza Peterborough, Uingereza, mwaka 1932. Mafundi huiita "tatu moja hamsini na mbili", kwa nambari yake 3.152: silinda 3, ujazo wa inchi 152, yaani kama lita 2.5. Tundu la silinda lina upana wa inchi 3.6 na pistoni husafiri inchi 5 kwenda na kurudi. Nazitaja kwa sababu mwenye trekta akizijua hapewi kwa urahisi ringi za injini nyingine, jambo ambalo hutokea.

Sasa zile kazi tatu.

Ya kwanza ni ya juu. Hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, inafunguliwa, valvu zinasagwa zikae vizuri kwenye viti vyake, uso wa hedi unapimwa kama umepinda, gasketi inawekwa mpya. Ni kalafati hiyo. Inamfaa aliyeunguza gasketi au anayevujisha kwenye valvu, basi.

Ya pili inashuka mpaka pistoni. Sampu, karai la oili, inafunguliwa chini, hedi juu, pistoni zinasukumwa na kutolewa, ringi zinabadilishwa, na mara nyingine laina pia, yaani bomba la chuma ambamo pistoni hupita. Hapa ndipo wengi huishia, na sababu yake si uvivu wa fundi peke yake. Trekta kama 135 haina fremu kama lori. Injini yenyewe ndiyo uti wa mgongo: mbele imeshika ekseli, nyuma imefungwa kwenye nyumba ya klachi na gia. Ukitaka kuitoa krenki lazima uivunje trekta katikati, nusu ya mbele uisogeze, nusu ya nyuma uipigie magogo isidondoke. Ringi zaweza kubadilishwa trekta ikiwa imesimama nzima chini ya mwembe. Krenki haiwezekani. Kwa hiyo kishawishi cha kuishia kwenye pistoni kipo kila mara, na kila mara kinaitwa ovaholi.

Tena kina hatari yake. Ringi mpya zikiziba vizuri juu, kila mlipuko unashuka kwa nguvu zaidi kwenye konrodi na beringi zilizozoea kupigwa kwa upole wa uzee. Kilichokuwa kinaugulia kimya kinaanza kugonga. Watu husema fundi ameiharibu injini. Mara nyingi ameitengeneza nusu tu.

Ya tatu ndiyo ovaholi kamili. Bloku, mwili wa injini, inabaki tupu. Laina zinapimwa kwa juu, katikati na chini, kwa pande mbili, kwa kuwa haziliki sawa: pale karibu na kilele, ringi ya kwanza inapogeukia, ndipo panapoliwa zaidi, na kidole kikipita husikia kidaraja. Kwenye injini hii laina ni kavu, maji hayaigusi moja kwa moja. Hukazwa ndani ya bloku kwa mashine ya kusukuma, kwa hiyo nyundo na kipande cha mti si zana zake, hata kama nimewahi kuona hivyo.

Krenki ndiyo inayotoa hukumu. Kila shingo yake, yaani kila mahali beringi inapokaa, inapimwa kwa maikromita pande kadhaa, maana shingo iliyochakaa huwa na umbo la yai. Ikiwa bado duara na vipimo viko ndani ya mipaka, beringi mpya za stendadi zinatosha. Ikiwa imepindukia mipaka hiyo, inapelekwa kwa wenye mashine ya kusaga, huko Mombasa kwa wengi wetu, ikasagwa ipungue thau 10, 20 au 30, na beringi zinazonunuliwa ni nene zaidi kwa kiasi hicho hicho. Hivyo krenki ina umri wa kuhesabika. Ikifika mwisho wa ngazi, hakuna beringi ya kuifidia.

Nisisitize mambo mawili ya krenki kwa sababu yamewagharimu watu. Msagaji lazima aache kona ya shingo ikiwa na mviringo. Akiikata iwe kali kama ya meza, ufa huanzia hapo na siku moja krenki inakatika shambani. La pili ni usafi. Ndani ya krenki mna njia za oili, na unga wa jiwe la kusagia hujificha humo. Zisiposuguliwa kwa brashi nyembamba na kupulizwa hewa, unga huo hutoka siku ya kwanza injini ikiwashwa, na beringi mpya zinaisha kabla hazijalima ekari mbili. Na kwetu ongeza la tatu, chumvi. Shingo iliyosagwa ikang'aa, ukiiacha wazi usiku mmoja karibu na bahari, asubuhi ina madoa ya kutu. Ipakwe grisi na kufungwa nailoni hata kwa safari ya basi.

Mtu atauliza: nitajuaje kama injini yangu imefika huko? Moshi husema kidogo. Wa buluu ni oili inayoungua, inapita kwenye ringi au kwenye valvu. Mweusi mara nyingi ni hewa kukosa au nozeli kukojoa badala ya kupuliza, na ni masikitiko kuona mtu amefungua injini nzima kumbe kisafisha hewa kimeziba. Mweupe asubuhi ambao haukati ni dizeli isiyowaka, pengine kwa kukosa mbano. Kisha fungua kifuniko cha kumiminia oili injini ikizunguka: ikipumua kwa nguvu, hewa inateremka kando ya pistoni.

Ila pwani inadanganya. Injini iliyochoka huwa ngumu kuwaka kwenye baridi, na sisi hatuna baridi. Trekta ambayo Limuru ingegoma alfajiri, Hindi au Magarini inawaka kwa mkono mmoja wa ufunguo, mwenyewe akajua ni nzima. Anayenunua trekta kuukuu huku asiamini kuwaka. Aamini presha ya oili baada ya kulima nusu saa.

Na chanzo cha yote, ukikifuatilia, ni vumbi. Matrekta haya ya zamani huvuta hewa kupitia bakuli lenye oili, na mchanga unabaki chini ya bakuli. Wakati wa kaskazi, ardhi ikiwa kavu na watu wanatayarisha mashamba kungoja masika, bakuli hilo hujaa tope upesi. Kuliosha ni kazi ya robo saa. Bomba lake likipasuka kidogo upande wa injini, mchanga unaingia bila kizuizi na laina zinaliwa kama zimepigwa msasa.

Kuunga injini upya kuna taratibu zake ambazo fundi mzuri hazikimbilii. Vifuniko vya konrodi havibadilishani. Kila kimoja kilichongwa pamoja na mwenzake, na nambari zake ziangaliane. Mianya ya ncha za ringi hupimwa ndani ya laina kabla ya kuvikwa pistoni, kisha ringi zinazungushwa mianya isipangane mstari mmoja. Boliti za hedi hukazwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hatua, na spana ya kupimia nguvu, wala si kwa kipande cha bomba na imani. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, kamba ya kuzimia ivutwe na injini izungushwe kwa stata mpaka sindano ya oili inyanyuke. Hewa itolewe kwenye njia ya dizeli, la sivyo utamaliza betri ukidhani umekosea mahali.

Baada ya hapo watu wengi hukosea kwa huruma. Injini mpya, wanasema, iachwe ilie polepole siku nzima izoee. Kwa dizeli ni kinyume. Laina mpya ina mistari midogo iliyokatwa makusudi ili ringi zijisugulie nafasi yake, na zinahitaji kusukumwa na mzigo ndipo zikaliane nayo. Ikilia bure saa nyingi, oili huungulia kwenye laina ikawa laini kama kioo, ringi zisikae tena, na moshi wa buluu ukarudi ukiwa na risiti mfukoni. Iwashwe, ipate moto, ikaguliwe kama inavuja, kisha iende shambani na kazi ya kadiri. Isilazimishwe, isibembelezwe. Baada ya saa chache hedi ikazwe tena, nafasi za valvu zipimwe, kwa injini hii thau 12 ikiwa baridi, na oili ya kwanza imwagwe mapema kwa kuwa imebeba vyuma vidogo vidogo.

Kwa ami, mwisho wake trekta ilivunjwa katikati chini ya mwembe, krenki ikasafiri na kurudi. Siku ya kuifunga nilimwona fundi, yule yule, akichovya kijiti kwenye rangi nyeupe na kuandika "20" kubwa juu ya kifuniko cha valvu. Ami akamuuliza ni bei ya nini.

"Si bei, mzee. Ni saizi ya krenki. Atakayeifungua baada yangu ajue imebaki kusagwa mara moja."