Kwa nini kuchemsha maji hakuondoi floraidi

Mama mmoja kutoka kijiji kilicho chini ya Mlima Meru alituletea maabara chupa ya maji ya kisima. Alikuwa ameyachemsha mara mbili, akayachuja kwa kitambaa, akayaacha yatulie usiku kucha. Maji meupe pe. Mwanawe wa darasa la pili alipotabasamu, nikaona meno mapya ya mbele yana michirizi ya kahawia.

Kuchemsha kunaua vijidudu, na aendelee kufanya hivyo. Floraidi lakini, madini yaliyoyeyuka majini ambayo yakizidi huacha michirizi kama hiyo kwenye meno, haifi kwa moto, na sababu iko ndani ya atomu. Florini ina elektroni 9: mbili kwenye mzingo wa ndani, saba kwenye mzingo wa nje. Mzingo huo hutulia ukiwa na nane. Imepungukiwa moja tu, na hakuna elementi inayovuta elektroni kwa nguvu kuizidi. Ikishaipata, mpangilio unakuwa 2:8, nayo sasa ni floraidi, ioni yenye chaji hasi. Imeshiba. Moto wa jikoni hauwezi kuinyang'anya elektroni hiyo, wala haipai na mvuke. Maji ndiyo yanayoondoka. Chukua lita 10 zenye miligramu 4 za floraidi kwa kila lita, zichemshe hadi zibaki lita 8: sasa unakunywa miligramu 5 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5.

Chanzo chake ni miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Kalsiamu ikiwa nyingi majini huikamata floraidi na kuirudisha kuwa jiwe, ila maji mengi ya huku yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, basi floraidi inabaki imeyeyuka. (Magadi ya kupikia makande nayo huweza kuiongeza.)

Mkaa wa mifupa unaweza kuipunguza, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimeifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi. Mkaa wa kuni haufai hapa. Mfupa una madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyobeba haidroksidi (OH, oksijeni na haidrojeni zilizoungana). Floraidi ikipita, inachukua nafasi ya haidroksidi:

Ca₅(PO₄)₃OH + F⁻ ⇌ Ca₅(PO₄)₃F + OH⁻

Tazama mishale miwili. Mmenyuko unakwenda na kurudi. Fikiria daladala lililojaa: kila kituo anashuka mmoja, anapanda mmoja, idadi ndani haibadiliki ingawa watu hawajaacha kutembea. Huo ndio msawazo. Mkaa ukiwa mpya, nafasi ni tele na floraidi inapanda kwa wingi. Nafasi zikishakaliwa, maji yanatoka karibu kama yalivyoingia, na hutajua kwa macho wala kwa ulimi. Ndiyo maana tunasisitiza maji yanayotoka kwenye chujio yapimwe mara kwa mara. Mkaa uliochoka huoshwa kwa magadi makali ya viwandani (sodiamu haidroksidi, si magadi ya kupikia): haidroksidi ikizidi, mmenyuko unasukumwa kurudi nyuma na floraidi inashuka. Kazi hiyo waachiwe mafundi, inaunguza ngozi.

Michirizi ya yule mwanafunzi haitatoka kwa mswaki. Lakini mama alikuwa na mwingine mgongoni, wa miezi kumi, ambaye meno yake ya ukubwani ndiyo kwanza yanaundwa ndani ya taya. Nyumba yao ina bati. Tulimwonyesha namna ya kukinga maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi, yawe ya kunywa na ya uji wa mtoto huyo.